UZI: Eti kibarua hana haki? Tusomeane sheria kabla ya midahalo kuanza

Mdahalo wa juzi uwanjani Garsen, mmoja wa waliopewa maikrofoni alisema hivi: "Kibarua ni kibarua. Leo yupo, kesho hayupo. Hana haki ya kudai kitu." Watu wakapiga makofi. Mwingine akasimama akaahidi kwamba akichaguliwa, vibarua wote wa kaunti watakuwa waajiriwa wa kudumu siku ya kwanza. Akapigiwa makofi zaidi. Wote wawili wamekosea, na nitaeleza kwa nini. Kama kawaida ya uzi huu, hakuna jina la mtu wala la chama. Ukiandika jina hapo chini, naficha jibu lako.

Nianze kwa kukiri kitu, maana bila hicho uzi huu utakuwa unafiki. Nimewahi kuwa karani wa daftari la vibarua katika shamba moja huku kwetu upande wa mto. Silitaji. Kazi yangu ilikuwa kuita majina saa kumi na mbili asubuhi, kuweka tiki, na Jumamosi kupiga picha kurasa na kumtumia msimamizi kwa WhatsApp ndipo pesa zitumwe. Kulikuwa na amri moja ambayo haikuandikwa popote: mtu akikaribia kumaliza mwezi, mkate siku mbili. Unamwambia, "Mama, pumzika kesho na kesho kutwa, kazi ni kidogo." Kazi haikuwa kidogo. Nilikuwa naambiwa nifanye hivyo na mimi nafanya, bila kujua ni kwa sababu gani. Sababu niliijua baadaye, niliposoma kifungu cha 37.

Haya, tuingie.

Sheria yenyewe ni Sheria ya Ajira ya 2007. Juu yake kuna Katiba ya 2010, Ibara ya 41, inayosema kila mtu ana haki ya kutendewa haki kazini: ujira wa haki, mazingira ya kazi yanayofaa, kujiunga na chama cha wafanyakazi, kugoma. Angalia vizuri: imesema "kila mtu". Haikusema "kila mtu mwenye barua ya ajira".

Sasa, kibarua ni nani? Hapa ndipo wanasiasa wengi wanapoteleza. Kwa mdomo wetu sisi, kibarua ni yeyote ambaye hana barua. Kwa sheria, kibarua ni mtu ambaye makubaliano yake ni kulipwa mwisho wa kila siku, na ambaye haajiriwi kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Basi. Asubuhi mnakubaliana, jioni unapokea chako mkononi, mmemalizana. Kesho ni makubaliano mengine.

Kwa hivyo jiulize: wewe unayeitwa kibarua, unalipwa jioni? Au unalipwa kila baada ya wiki mbili, au mwisho wa mwezi, au pesa "zikitoka Nairobi"? Kama hulipwi kila jioni, basi hata kabla hatujafika kifungu cha 37, jina "kibarua" umepewa tu. Shamba nililofanya kazi, watu walilipwa kila Jumamosi ya pili kwa M-Pesa. Wote tukiwaita vibarua.

Kifungu cha 37 sasa. Kinasema mambo mawili. La kwanza: kibarua akifanya kazi siku za mfululizo ambazo kwa jumla zinafika mwezi mmoja, ajira yake inageuka yenyewe na kuhesabiwa kuwa ajira ya kulipwa kwa mwezi. La pili: akipewa kazi ambayo kwa akili ya kawaida haiwezi kumalizika kabla ya kufikisha jumla ya miezi mitatu, vilevile inageuka. Haisubiri barua wala bosi akubali. Na katika kuhesabu hizo siku, siku ya mapumziko ya wiki na sikukuu za umma nazo zinahesabiwa.

Halafu ukiendelea kufika miezi miwili au zaidi, unastahili masharti yale yale ambayo ungepata kama usingeanza kama kibarua. Likizo. Ruhusa ya ugonjwa. Notisi. Kusikilizwa kabla ya kufukuzwa.

Ndio maana ya zile siku mbili nilizokuwa nawakata watu. Mwajiri anataka aseme mahakamani: "Mheshimiwa, huyu hakufanya mfululizo, angalia daftari, kila mwezi kuna pengo." Ujanja huu hufaulu? Wakati mwingine ndiyo, wakati mwingine hapana. Kuna wafanyakazi walioshinda kwa kuonyesha kwamba mapengo yalikuwa ya kupanga na kazi ilikuwa ni ile ile mwaka mzima. Kuna walioshindwa kwa sababu kweli walikuwa wanaitwa kazi ikipatikana, wiki hii wapo, mwezi ujao hawapo. Mzigo wa kuonyesha kwamba ulifanya mfululizo unakuangukia wewe. Kwa hivyo daftari ndilo kila kitu. Nitarudi hapo.

Lakini msishangilie bado. Kifungu cha 37 hakikupi ajira ya kudumu na pensheni. Kinakupa ajira ya mwezi kwa mwezi yenye ulinzi wa sheria. Tofauti ni kubwa. Mwajiri bado anaweza kukuachisha, ila awe na sababu ya haki, afuate utaratibu, na akupe notisi ya maandishi ya siku 28 au akulipe mshahara wa hizo siku. Kwa hivyo yule wa kwanza aliyesema kibarua hana haki, amekosea. Na yule wa pili aliyeahidi kazi ya kudumu kwa wote?

Huyo naye tumuulize maswali. Wafanyakazi wa kaunti huajiriwa na Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti, kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Gavana hana mamlaka ya kusimama jukwaani akawaajiri watu elfu moja kwa kuinua mkono. Katiba, Ibara ya 232, inataka ushindani wa haki na uwezo. Halafu kuna kanuni za fedha za kaunti za 2015, zinazosema mishahara na marupurupu isizidi asilimia 35 ya mapato ya kaunti. Kaunti kama yetu, ambayo karibu pesa zake zote zinatoka Nairobi, hiyo hesabu ni ya kubana kweli kweli. Mtu akiahidi kazi ya kudumu kwa kila kibarua, mwambie aonyeshe nafasi zilizotangazwa na bajeti yake. Akikosa kuonyesha, hiyo ni ahadi ya jukwaani tu.

Tena kuna jambo ambalo huwa halitajwi kwenye mikutano kwa sababu linachoma. Kila mwaniaji anasema "kazi kwa watoto wa hapa". Sawa. Lakini "wa hapa" ni nani? Mpokomo wa Ngao, Mworma wa Tarasaa, Mwardei, Mgiriama aliyezaliwa Garsen, Mmunyoyaya wa kule juu? Sheria ya Serikali za Kaunti, kifungu cha 65, inasema angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya chini ziende kwa watu wasiotoka katika jamii kubwa ya kaunti hiyo. Na kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira kinakataza kumbagua mtu kwa kabila, dini, jinsia, ujauzito, ulemavu na mengine. Kwetu hili si jambo dogo. Walioona 2012 wanajua. Orodha ya kazi inayotoka na majina ya upande mmoja tu, kwetu huleta mambo makubwa kuliko kazi yenyewe.

Turudi kwa kibarua, maana kuna shimo moja watu wengi huanguka.

Ukitoka Garsen kwenda Malindi unapita mashamba ya chumvi ya Magarini. Kuna kesi ya huko, kampuni ya chumvi ya Krystalline na wafanyakazi 68, iliyofika Mahakama ya Rufaa na kuamuliwa 2017. Wafanyakazi walitaka kifungu cha 37 kiwageuze wawe waajiriwa wa kawaida. Mahakama ikasema kuna aina nne za mikataba ya kazi: isiyo na muda maalum, yenye muda maalum, ya kazi ya kipande, na ya kibarua. Kifungu cha 37, ikasema, kinamgeuza kibarua. Aliyekuwa akilipwa kwa kipande, yaani kwa kiasi alichozalisha, hakigeuzwi na kifungu hicho. Wafanyakazi wakashindwa.

Mimi binafsi naona uamuzi huo umeacha watu wengi wa pwani uchi. Mtu anachota chumvi miaka, anaambiwa wewe ni wa kipande. Lakini maoni yangu hayabadilishi sheria. Hadi Bunge libadilishe au Mahakama ya Juu iseme vingine, ndivyo ilivyo. Na hilo ndilo swali la kuwauliza wanaotaka ubunge, maana Sheria ya Ajira hutungwa Bungeni. Gavana na MCA hawawezi kuigusa. Viwango vya kazi ni jukumu la serikali ya kitaifa, soma Jedwali la Nne la Katiba. Mtu anayetaka udiwani akikuahidi kubadilisha sheria ya kazi, mpe maji ya kunywa apumzike.

Kwa hivyo: unalipwa kwa siku au kwa kipande? Jua hilo leo. Ukiwa unalima unaambiwa "mistari kumi ndio shilingi kadhaa", hiyo ni kipande. Ukiwa unaambiwa "siku ni 350, ulime mingi ulime michache", hiyo ni siku. Kuna waajiri wameanza kubadilisha maneno kwenye daftari kutoka "siku" kuwa "kipande" bila kubadilisha kazi yenyewe. Ukiona hivyo, piga picha ya zamani na ya sasa. Na hata wa kipande si kwamba hana kitu: lazima alipwe kazi ikimalizika au mwisho wa mwezi kulingana na alichofanya, lolote litakalotangulia. Akiumia kazini analindwa. Akibaguliwa analindwa.

Sasa niwape mfano halisi wenye hesabu, maana bila hesabu haki ni maneno tu.

Mwezi huu mama mmoja wa Minjila alikuja kwangu. Nilimjua papo hapo: nilimwita jina kila asubuhi miezi kumi na minne. Alianza Aprili 2022, akaachishwa mwisho wa Mei 2023. Kazi yake palizi, kuvuna, na kuamia ndege na tumbili mazao yakikaribia. Siku moja akafika getini akaambiwa asirudi. Hakuna barua, hakuna notisi, hakuna kuulizwa lolote. Baadaye akasikia ni kwa sababu aliuliza mbona waliolima Jumapili hawakulipwa. Alichokuja kuniomba ni kimoja: "Mwanangu, wewe ndiwe uliyekuwa ukiandika. Una ile karatasi?"

Tumhesabie. Siku moja ilikuwa shilingi 350. Kwa siku 26 za mwezi ni 9,100. Kima cha chini cha mfanyakazi wa shamba asiye na ujuzi wakati ule kilikuwa chini kidogo ya 7,600 kwa mwezi (Novemba 2024 kilipanda hadi karibu 8,000), kwa hivyo kwenye malipo ya siku hakupunjwa. Watu wengi hukimbilia hapo kwanza na kumbe si hapo.

Notisi ya mwezi ambayo hakupewa: 9,100. Likizo: sheria inampa siku 21 za kazi kwa kila miezi 12, hiyo ni 21 mara 350, 7,350. Kwa miezi miwili iliyozidi, siku 1.75 kwa kila mwezi, jumla siku tatu na nusu, 1,225. Mpaka hapo ni 17,675. Hizo Jumapili ambazo hazikulipwa ziko pembeni, ila lazima azithibitishe.

Halafu kuna fidia ya kuachishwa isivyo haki. Kifungu cha 49 kinairuhusu mahakama kutoa hadi mshahara wa miezi 12. Kwake, mwisho kabisa ni 109,200. Msinielewe vibaya: hiyo ni dari, si ahadi. Hakimu huangalia alifanya kazi muda gani, ilikuwaje, mwenyewe alichangia nini, na mara nyingi hutoa miezi michache tu. Pia kuna malipo ya utumishi kwa kila mwaka aliofanya, kama alikuwa hakatwi NSSF. Na cheti cha utumishi, ambacho mwajiri hana ruhusa ya kumnyima mtu hata kama wameachana vibaya.

Sababu ya kumfukuza ni muhimu sana hapa. Kifungu cha 46 kina orodha ya sababu ambazo haziruhusiwi kabisa: ujauzito, kuwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi, kabila, dini, na kuwasilisha malalamiko dhidi ya mwajiri. Kuuliza "mbona Jumapili haikulipwa" si kosa la kazi. Na hata ingekuwa kosa, kifungu cha 41 kinasema kabla ya kumwachisha mtu kwa utovu wa nidhamu au kazi mbaya, mweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na msikilize yeye pamoja na mwenzake atakayemchagua. Lugha anayoielewa, jamani. Hata kama ni Kipokomo au Kiorma, atafutwe wa kutafsiri.

Sasa muda, na hapa naomba msome mara mbili. Kulalamika kwa afisa wa kazi kuhusu kufukuzwa: miezi mitatu tangu siku ya kufukuzwa. Kwenda mahakamani: miaka mitatu. Baada ya hapo mlango unafungwa, hata uwe na ushahidi gunia zima. Huyu mama, ya afisa wa kazi ilipita zamani. Ya mahakama inaisha mwisho wa mwezi ujao. Alikuwa amekaa miaka karibu mitatu akiamini lile neno la mdahalo, kwamba kibarua hana haki.

"Lakini mahakama ni Malindi au Mombasa, nauli nani atatoa?" Hili huulizwa kila mara na ni swali la haki. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iko Malindi, zaidi ya kilomita mia kutoka Garsen, na barabara ikikatwa na maji ndio basi. Lakini tangu 2018 Jaji Mkuu aliwapa mahakimu wa cheo cha hakimu mkazi mwandamizi na wa juu yake ruhusa ya kusikiliza kesi za ajira za watu ambao mshahara wao hauzidi shilingi 80,000 kwa mwezi. Vibarua wote ninaowajua mimi wako chini ya hapo. Kwa hivyo mama wa 9,100 hana haja ya kwenda Malindi. Garsen hapa hapa kuna mahakama, na Hola pia. Unaweza kujisimamia mwenyewe. Wakili ni afadhali ukimpata, lakini kukosa wakili hakukufungii mlango.

Ushahidi. Watu husema, "Sina barua, nitasema nini?" Kumbe kukosa barua ni kosa la mwajiri, si lako. Mkataba wowote wa kazi wa miezi mitatu au zaidi, kifungu cha 9 kinamtaka mwajiri auandike. Asipouleta mahakamani, kifungu cha 10 kinamtwisha yeye mzigo wa kukanusha unachosema kuhusu masharti yenu. Lakini bado lazima uonyeshe kwamba ulikuwepo. Meseji za M-Pesa zinaonyesha nani alituma, tarehe gani, kiasi gani. Picha uliyopiga ukiwa kazini. Kitambulisho cha getini. Mwenzako atakayesema "nilikuwa naye". Na daftari.

Na hapa kwetu tunajua vizuri daftari likibaki mikononi mwa upande mmoja hutokea nini. Tarehe 3 Machi 1959, kambini Hola, wafungwa 11 wa kizuizini walipigwa hadi kufa kwa kukataa kulazimishwa kufanya kazi ya shamba. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilisema walikufa baada ya kunywa maji. Ripoti iliandikwa na walioshika rungu. Leo Katiba, Ibara ya 30, inakataza kazi ya kulazimishwa. Silinganishi shamba letu na kambi ile, Mungu apishe mbali. Nasema tu kwamba anayeandika ndiye anayeaminiwa, mpaka mwingine atoe karatasi yake.

Mawili matatu yanayoulizwa sana kwenye meseji zenu, kwa haraka.

Wachunga mifugo wa kuajiriwa. "Ng'ombe ameliwa na fisi, tajiri amenikata mshahara." Kifungu cha 19 kinaruhusu kukatwa kwa hasara kama tu ilitokana na uzembe wa makusudi wa mfanyakazi, na kiwango kiwe cha haki. Fisi si makusudi yako. Ukame si makusudi yako. Na makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Ukikosa kazi siku moja bila ruhusa, unakatwa siku moja, si tatu. Najua wengi mnachunga kwa makubaliano ya mdomo na jamaa zenu, na kumshtaki ami yako si rahisi. Lakini angalau ujue, mkikaa kwa wazee mzungumze mkijua.

Mnaokatwa NSSF na bima ya afya kila mwezi halafu mkifika hospitali mnaambiwa hamjalipiwa: pesa ikishakatwa kwenye mshahara wako lazima ipelekwe. Kutoipeleka ni kosa la jinai. Angalia akaunti yako ya NSSF kwa simu mara kwa mara, usingoje siku ya kustaafu.

Kuumia kazini ni sheria nyingine, ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007. Mwambie mwajiri mara moja, kwa maandishi ikiwezekana. Dai lipelekwe kwa mkurugenzi wa usalama kazini ndani ya miezi 12. Usianzie mahakamani, Mahakama ya Juu ilishaithibitisha sheria hiyo Desemba 2019. Mwenye panga, mwenye trekta, aliyeanguka kwenye lori la mchanga, hata kibarua wa siku moja, anaingia.

Na kwa wale walionicheka nilipoandika hili mwaka jana: ndiyo, sheria kweli inakataza kulipa mshahara mahali panapouzwa pombe, isipokuwa kwa wanaofanya kazi hapo. Aliyeitunga aliwajua watu wake.

Sasa kwa nini nimeandika haya yote. Mama alipoondoka nilifungua simu yangu ya zamani. Picha za kila Jumamosi ziko. Si zote, simu iliingia maji kwenye mafuriko ya 2024 na nyingine zikapotea. Zimebaki kurasa 41. Jina lake lipo kwenye zote. Kila mwezi pengo la siku mbili, kwa mwandiko wangu. Juu ya safu imeandikwa "siku", haikuandikwa "kipande".

Kuna rafiki ameniambia nisijitie. Atakayesimama kutoa ushahidi ataulizwa: nani aliyewakata hizo siku mbili? Ni mimi. Nimeshauliza, na nimeambiwa karani aliyefuata amri si yeye anayeshtakiwa, mwajiri ndiye. Hata hivyo nitasimama mbele ya watu niseme mkono huu ndio ulioandika. Na mji wetu ni mdogo, kazi ni chache, na waajiri wanajuana.

Kwenye mdahalo ujao mkipata maikrofoni, ulizeni haya: Vibarua wa kaunti wanalipwa kila lini, na daftari lao linakaa wapi? Waliofanya zaidi ya mwezi ni wangapi, na wanapewa likizo? Anayetaka ubunge, ataigusa hiyo habari ya kipande au hataigusa? Mkijibiwa kwa wimbo na ngoma, rudieni swali.

Jumatatu asubuhi nampitia mama kwake Minjila, tunaenda mahakamani Garsen. Picha nimeshazichapa. Maswali yenu nitayajibu jioni nikirudi, ila ya walimu na wahudumu wa afya wa mikataba niachieni, yanahitaji uzi wake.